Hadithi Iliyohamishiwa Mbeya

Muharami hakuwa mtu wa kurudi nyumbani mchana. Duka lake la vipuri vya malori lilikuwa Ipogolo, kule chini inakopita barabara kuu, na kupandisha mlima mpaka Mlandege kwa ajili ya sahani ya ugali aliona ni kuwaachia wenzake wateja. Kwa hiyo mkewe Hanifa alipomwona amesimama kwenye mlango wa chumba cha kushonea, kofia mkononi, alijua kuna jambo. Aliweka mkasi juu ya kitambaa cha sare za shule, akamtazama.

"Sabina, kamwene," Muharami alimsalimu mwanamke aliyekuwa kwenye cherehani ya pili. "Naomba utupishe kidogo."

Sabina, Mhehe wa Kihesa aliyeshona na Hanifa tangu chumba kile kifunguliwe, alikusanya kanga yake akatoka. Hakwenda mbali. Alikaa kibarazani, mahali ambapo mtu akitaka kusikia anasikia.

"Baba Mkubwa kanipigia," Muharami alisema. "Hadithi yako ya redioni imeleta balaa."

"Ipi?"

"Ya mjane."

Hadithi za Hanifa zilisomwa kila Ijumaa jioni na Crispin, mtangazaji wa redio moja ya pale mjini. Malipo yake yalikuwa kutajwa jina, na hata hilo Crispin alilikosea mara nyingi, akamwita Hadija. Lakini ile ya mjane ilikuwa imesikika kweli. Watu waliirekodi kwenye simu wakatumiana, ikavuka Makambako, ikaingia Mbeya. Ilimhusu mwanamke aliyefiwa na mumewe, akakaa eda katika chumba cha ndani kama dini inavyotaka, hatoki wala haonekani. Mashemeji wakawa wanakuja kumpa pole kupitia pazia, na kila aliyekuja aliondoka na kitu. Leo friji, kesho zulia, keshokutwa vyombo vya kabatini, wakisema wanaihifadhi mali ya marehemu. Mama wa watu akaisikia nyumba yake inahama huku yeye amekaa. Siku ya kutoka eda alikuta kuta tupu.

"Baba Mkubwa kajitambua?" Hanifa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hajaisikiliza. Unamjua yule, redio kwake ni taarifa ya habari na mawaidha. Wanaolalamika ni watu wa Mbeya."

"Mbeya?"

"Si wewe umesema ni Mbeya? Umesema ni familia inauza magodoro Mwanjelwa, ndugu yao kafariki, mjane yuko ndani. Basi ipo. Inauza magodoro Mwanjelwa na ndugu yao kafariki mwaka jana. Mzee wao anaitwa Mwinchande. Anasema umewavua nguo mbele ya nchi nzima."

Hanifa aliangua kicheko. Hakukusudia, kilimtoka tu. Alikuwa ameumiza kichwa kuificha familia ya mumewe. Aliiondoa Iringa, duka la vitambaa akaligeuza la magodoro, akabadilisha majina, akawapunguza hata hao mashemeji. Kumbe kule alikokwenda kuwaficha wake ndiko walikokuwa wamekaa wa wenzake.

"Unacheka nini?"

"Magodoro niliyatunga, Muharami. Wallahi niliyatunga mwenyewe."

"Basi Jumamosi wanakuja na magodoro yao. Baba Mkubwa kaitisha kikao kwake. Anataka uwaombe radhi, halafu uende redioni ukaseme hadithi ni ya uongo, na kwamba huandiki tena."

"Nisiandike tena?"

"Hanifa." Muharami alikaa kwenye kiti cha wateja, akaivua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati. "Mimi na wewe tunajua ile ni ya nani. Watu wakianza kuchimba wataishia sebuleni kwa Baba Mkubwa. Watafika kwa mama mdogo kule Kalenga. Watafika kwangu. Kubali tu kwamba umewakosea watu wa Mbeya, yaishe."

Hanifa aliuchukua mkasi wake na kuendelea kukata pale alipokuwa ameishia.

"Kuomba radhi siombi," alisema. "Kaandike hivyo."

"Kaandike wewe, si ndiye mwandishi?" Muharami alisema, akavaa kofia, akateremka Ipogolo bila kula.

*

Asiyemjua Hanifa angedhani anajiamini. Ukweli ni kwamba hapakuwa na mtu katika Iringa nzima aliyemtilia shaka kuliko yeye mwenyewe. Shule aliishia kidato cha nne. Alipokaa kuandika, kabla hajamaliza mstari wa kwanza, kulikuwa na sauti iliyomkaa sikioni ikimuuliza nani kamtuma. Kuna siku aliandika tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akasoma, akaona ni upuuzi mtupu, akaikatia ile karatasi mtindo wa kola. Watoto kadhaa wa Iringa walivaa mashati yaliyotokana na hadithi zilizokufa.

Zile zilizopona zilipona kwa sababu ya Sabina. Hanifa aliandika kwenye karatasi zile zile za kukatia mitindo, kisha akazisoma kwa sauti huku mwenzake anashona. Kipimo chake kilikuwa mguu wa Sabina. Mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, pale pamekufa, hata kama maneno ni mazuri kiasi gani. Mguu ukisimama, pana uhai. Alifuta kurasa nyingi kwa hukumu ya ule mguu, na hakuwahi kukata rufani.

Siku aliyosoma ya mjane, mguu ulisimama kwenye saa. Ilikuwa saa ya ukutani yenye umbo la msikiti, ile inayoadhini yenyewe. Marehemu wa hadithini aliitegesha kwa nyakati za pwani, kwa hiyo iliadhini karibu robo saa kabla ya misikiti ya mjini, naye hakukubali kuirekebisha, kwa kuwa asili yake ni pwani na aliipenda hivyo hivyo. Mashemeji waliichukua na yenyewe. Sabina hakukanyaga tena mpaka mwisho. Alifuta machozi kwa kitambaa cha mteja.

Hanifa alifurahi siku ile, akafurahi kweli kweli. Halafu aibu ikamshika, kwa sababu saa hakuitunga. Kila kitu alikuwa amekibadilisha isipokuwa saa, maana ilikuwa nzuri mno na hakuweza kuiacha. Ilikuwa ya Bi Mwanakhamisi, mjane wa baba mdogo wa Muharami, na kisa kizima kilikuwa chake. Hanifa mwenyewe alikwenda kumpa pole wakati ule, akakaa naye nyuma ya pazia, wakasikia pamoja vitu vinavyosogezwa sebuleni. Wengine waliingia kutoa pole wakatoka na friji. Yeye aliingia kutoa pole akatoka na hadithi. Tofauti iko wapi? Swali hilo lilimkereketa kuliko watu wote wa Mbeya na magodoro yao.

Alhamisi Mzee Idrisa alimpigia mwenyewe. Ndiye Baba Mkubwa, kaka wa baba yake Muharami, mwenye nyumba kubwa Gangilonga na kauli ya mwisho katika kila harusi na kila msiba wa ukoo.

"Mwanangu Hanifa, mimi nakupenda," alianza, na Hanifa akajua kinachofuata si mapenzi. "Lakini haya mambo ya kuandika-andika nilinyamaza nikidhani ni mchezo, yatapita. Wewe ni fundi mzuri. Mke wangu nguo zake zote unashona wewe. Sasa kipi kilichokuwasha? Mtu akijua kushona ashone."

"Baba, umeisikiliza hiyo hadithi?"

"Sina haja. Nimeambiwa na watu wazima."

"Nguo huwezi kusema inabana na hujaivaa."

Mzee Idrisa hakuzoea kujibiwa, hasa na mwanamke aliyeolewa katika ukoo wake.

"Jumamosi baada ya adhuhuri," alisema hatimaye. "Uje na adabu zako."

Simu ilikatika. Sabina, ambaye alikuwa amejifanya anatafuta sindano chini ya meza, aliinua kichwa.

"Sasa dada, ndiyo utaacha?"

"Kama najua kuandika sijui, Sabina. Hilo sijui mpaka leo. Lakini mtu wa kuniambia nifute ile hadithi ni mmoja tu, na wala hakai Mbeya."

*

Kalenga si mbali na mjini. Asubuhi ya Ijumaa Hanifa alichukua bajaji, akamkuta Bi Mwanakhamisi nyuma ya nyumba ya kaka yake, amekaa kwenye kigoda, anachambua nyanya. Nzuri aliziweka kwenye tenga la kwenda sokoni, zilizopasuka kwenye beseni la nyumbani. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono ya haraka. Hapakuwa na cha ujane alichobakiwa nacho isipokuwa tabia ya kutazama mlango kila mtu anapoingia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kigoda. Na usikae bure, chambua."

Hanifa alikaa akachambua. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalimpotea. Mwisho alijikaza kisabuni.

"Mama mdogo, kuna hadithi niliandika."

"Nimeisikia. Jirani aliniletea simu yake hapa hapa." Bi Mwanakhamisi aliigeuza nyanya, akaiona ilivyopasuka, akaitupia kwenye beseni. "Nikasikiliza yote."

"Nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa kuichukua bila kukuuliza. Nimekuwa kama wao."

Bi Mwanakhamisi aliachia nyanya. Alimtazama Hanifa kwa muda, na macho yake hayakuwa na huruma hata kidogo.

"Wao walichukua wakasema hawajachukua. Wewe umechukua ukaenda kusema redioni. Hapo sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ni mwingine. Mbeya ulinipeleka kufanya nini?"

"Nilitaka kukusitiri, mama."

"Mimi? Mimi nilifanya nini cha kusitiriwa? Nilifiwa nikakaa eda, kuna aibu gani hapo? Uliowasitiri ni wao. Wao walinihamisha nyumba, na wewe ukaja ukanihamisha mji!"

Hanifa alikuwa amejiandaa kulaumiwa kwa kusema sana. Kulaumiwa kwa kusema kidogo hakukutarajia.

"Na jambo jingine," Bi Mwanakhamisi aliendelea, sasa amepandisha. "Huyo mama wako kazidi kulia. Mwishoni pale anatoka, anaona kuta, anaanguka chini, analiaa. Mimi sikulia."

"Ulifanyaje?"

"Nilimwuliza kila mtu aliyekuwepo saa yangu iko wapi. Basi. Friji lilikuwa bovu, zulia ni zulia tu. Lakini ile saa marehemu aliitegesha mwenyewe, kwa mkono wake. Alikuwa anasema, ikilia hii ya Pangani natia udhu, wa mjini wakiadhini mimi tayari nipo safuni. Ilikuwa ikilia namsikia anavua viatu." Alichukua nyanya nyingine. "Siku inaondoka nilisikia kiti kinaburutwa. Nikauliza kwa ndani, nani huyo? Kijana akajibu, ni mimi mama mdogo, nafuta vumbi."

Hanifa hakuuliza ni kijana gani. Ni mmoja tu katika ukoo ule aliyekuwa akitumwa kupanda kwenye viti, na yeye ndiye aliyeolewa naye.

"Nilipotoka nikauliza mbele yao wote, saa yangu iko wapi? Hakuna aliyejibu. Mpaka leo hii unayoniona."

Walirudi kuchambua. Upepo wa asubuhi ulikuwa wa baridi na maji ya nyanya yaliigandisha mikono yao. Hanifa alijiona mjinga, na wakati huo huo alijisikia mwepesi. Machozi yale aliyatia yeye, kwa woga. Hakuamini kwamba swali peke yake lingetosha, akaogopa msikilizaji hatahisi kitu, akamwangusha mama wa watu sakafuni ili kazi iwe rahisi. Mwenye kisa alikuwa na mwisho mzuri kuliko wa mwandishi, na mwandishi hakwenda kumwuliza.

"Niirudishe Iringa, mama?"

"Mimi mambo ya uandishi siyajui," alisema Bi Mwanakhamisi na kuvuta tenga jingine. "Ninachojua nyumba yangu ilikuwa Mshindo. Mwanjelwa sijawahi hata kulala."

*

Sebule ya Mzee Idrisa ilikuwa kubwa na ilijaa vitu kiasi kwamba wageni walikaa wakibana magoti. Watu wa Mbeya walikuwa wamefika. Mzee Mwinchande, mnene, mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, alikaa kwenye kochi kubwa. Pembeni yake alikaa dada yake, mtu mzima aliyejifunga mtandio, asiyesema. Walilishwa pilau, wakanyweshwa chai ya maziwa. Muharami alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, amejikunyata. Hanifa alipewa kiti cha plastiki katikati, peke yake, mahali anapowekwa mtuhumiwa.

Juu ya televisheni, ukutani, ilikuwepo saa yenye umbo la msikiti, kuba zake za dhahabu zimeanza kuchubuka. Ilikaa pale miaka, watu wa nyumba hawaioni tena. Hanifa aliiona. Aliitazama mishale yake ilikofikia, akaitazama tena.

"Nitakuwa mfupi," Mzee Idrisa alisema baada ya dua. "Ndugu zetu wa Mbeya wamedhalilishwa, na aliyewadhalilisha ametoka nyumba hii. Kwanza niseme mbele yenu, sisi hapa tunaijua haki ya mjane. Mtu anayegusa mali ya mwanamke aliye ndani ya eda, huyo na mwizi wa viatu msikitini ni mamoja. Kwa hiyo kuwasingizia watu wazima jambo kama hilo ni dhambi kubwa. Hanifa, waombe radhi wazee wako. Wiki ijayo utakwenda redioni."

Muharami aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Nitawaomba radhi," Hanifa alisema, na sebule nzima ikashusha pumzi. "Lakini naomba kwanza isomwe. Nijue ninaomba radhi kwa neno gani."

"Hapana haja!"

"Isomwe, Mzee Idrisa," Mwinchande aliingilia. "Sisi tumefunga duka, tumetoka Mbeya kwa hilo. Kila mtu asikie alivyotutukana. Soma, mwanangu."

Mgeni akishasema, mwenyeji hana tena nafasi. Mzee Idrisa alipunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. Hanifa alitoa karatasi zake za mitindo kwenye mkoba, zimekunjwa, pembeni zina alama za chaki. Sauti ile ya siku zote ilikuja sikioni kumwuliza nani kamtuma. Safari hii alikuwa na jibu, akaanza kusoma.

"Katika mtaa wa Mshindo, mjini Iringa, palikuwa na nyumba yenye duka la vitambaa kwa mbele."

"Ngoja," Mwinchande alisema. "Redioni ulisema Mwanjelwa. Ulisema magodoro."

"Nilikosea, mzee. Ndiyo radhi yenyewe ninayowaomba. Hadithi hii si ya Mbeya. Nimeirudisha kwao."

Mzee Idrisa, aliyekuwa ameegemea, alikaa wima. Mwinchande alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike, akamgusa dada yake begani kana kwamba anamwambia unaona.

"Basi tumemaliza," Mzee Idrisa alisema upesi. "Amekiri. Funga hizo karatasi, Hanifa, tuombe dua."

"Ah, mwache amalize," Mwinchande alisema, sasa amestarehe, amekunja mguu. "Kama si sisi, nataka kujua ni kina nani."

Hanifa aliendelea. Kwa miaka yote alikuwa amejifunza kwa mguu wa Sabina wapi pa kukimbia na wapi pa kukawia, na leo alikawia. Alisoma juu ya pazia na pole zinazopita katikati yake. Friji lilipotoka alilitoa polepole, likikwaruza kizingiti. Zulia alilikunja upande mmoja kwanza, kisha wa pili. Aliomba maji ya kunywa, akaletewa, akayanywa yote. Alipoinua macho kushukuru, aliitazama saa.

Mzee Idrisa alikuwa anatoka jasho, na Iringa mwezi ule mtu hatoki jasho hivi hivi. Hakuthubutu kusema acha. Angesemaje? Angemwambia nini mgeni wake?

"Walipomaliza vikubwa," Hanifa alisoma, "ilibaki saa ya ukutani. Marehemu aliitegesha kwa nyakati za Pangani, kwao walikotoka babu zake, na kila siku iliadhini kabla ya mji. Mjane alisikia kiti kinaburutwa. Akauliza kutoka ndani, nani huyo? Sauti ya kijana ikamjibu. Ni mimi, mama mdogo. Nafuta vumbi."

Pale mlangoni Muharami aliinua kichwa. Alimtazama mkewe kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kwenye umati. Neno lile hakuwahi kumwambia mtu yeyote duniani. Hanifa alimwona, ikamuuma, kwa sababu alimpenda. Hakulifuta.

Aligeuza karatasi taratibu, akailaza gotini, akainyoosha mikunjo kwa kiganja. Wakati bado anainyoosha, juu ya televisheni saa ilianza kuadhini.

Iliadhini kwa ile sauti yake ya kukwaruza, alasiri ya pwani, na nje misikiti yote ya Iringa ilikuwa kimya. Mwinchande aligeuza shingo akaiangalia saa, akaangalia ya mkononi, akaiangalia tena ile ya ukutani. Tabasamu likamwisha. Mwisho alimwangalia mwenyeji wake, yule aliyesema habari za mwizi wa viatu msikitini, na akaona haya kwa niaba yake.

"Nenda kaizime!" Mzee Idrisa alimfokea Muharami.

Muharami hakuinuka. Adhana iliendelea mpaka ikaisha yenyewe. Baada yake, yule dada wa Mbeya alisema neno lake la kwanza na la pekee, akimwambia kaka yake taratibu lakini kila mtu akasikia.

"Na lile kabati la wifi tukifika tulirudishe."

Mwinchande alikunjua mguu wake na kukaa vizuri. "Imebaki kiasi gani?" alimwuliza Hanifa.

"Kidogo, mzee."

"Sitaki!" Mzee Idrisa alisimama. "Nyumbani kwangu sitaki! Hanifa, ukitoka hapa usikanyage tena. Na kuandika umeandika, mwisho leo!"

"Kukanyaga hapa ni utakavyo, Baba, nyumba ni yako," Hanifa alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko alivyodhani ingekuwa. "Kuandika, hapana. Ijumaa ijayo itasomwa tena redioni, na mji utatajwa. Labda naandika vibaya. Kila siku najiuliza hivyo na nitaendelea kujiuliza. Lakini hilo tutaulizana mimi na karatasi zangu. Wewe hukuwahi hata kusikiliza."

Kisha, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki na Mzee Idrisa amemsimamia, alisoma mwisho. Machozi yote alikuwa ameyakata.

"Siku ya kutoka eda, mjane alifungua pazia. Mashemeji walikuwa wamekaa kwenye mikeka, kwa kuwa viti havikuwepo. Aliwatazama mmoja mmoja. Hakuuliza friji wala hakuuliza zulia. Alisema, saa yangu iko wapi? Hakuna aliyejibu."

Alikunja karatasi. Akasubiri, kama anavyosubiri chumbani kwake, asikie kama cherehani itaanza tena.

Muharami ndiye aliyeinuka. Alipita katikati ya magoti ya wageni, akavuta kiti cha kulia chakula, nacho kikaburuzika sakafuni kwa sauti ile ile. Alivua viatu, akapanda. Aliishika saa kwa mikono miwili, akaichomoa kwenye msumari. Nyuma yake rangi ya ukuta ilikuwa mpya, yenye umbo la msikiti.

"Unafanya nini wewe?" Mzee Idrisa aliuliza.

Muharami alishuka na saa kifuani. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha.

"Mama mdogo aliuliza," alisema. "Naenda Kalenga kumjibu."

Alivaa viatu vyake, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Walipofika getini, msikiti wa mjini ulianza kuadhini.